Sahihi ya Cheche

Kijana wa mikopo alikuwa mpole kupita kiasi, na upole ule ndio uliomtia Mama Pacha wasiwasi. Mtu wa benki mwenye habari njema huwa hana muda na wewe: anakuonyesha pa kusaini, kisha anaita mwingine. Huyu aliwavutia viti, akawauliza hali ya watoto, akainuka kwenda kufunga mlango.

"Nyumba yenyewe ni nzuri," alisema alipoketi. "Mthamini ameisifu. Paa zima, msingi mzima, hati ya kiwanja safi. Tatizo liko nyuma."

"Nyuma kuna nini?" aliuliza Baba Pacha. Alikuwa amevaa shati analoendea harusi za watu, lakini vidoleni bado kulikuwa na gundi ya mbao, ile isiyoelewana na sabuni.

"Vile vyumba viwili na jiko viliongezwa baadaye. Cheti cha umeme kilichopo ni cha nyumba ya mbele tu. Huku nyuma kuna taa, kuna soketi, kila kitu kinawaka, ila kwa karatasi hakuna umeme."

"Kama kinawaka, umeme si upo?" Baba Pacha alicheka kidogo, akatafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

Kijana alieleza taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa masharti ya dawa. Fundi aliyefunga umeme ule aandike tamko kwamba kazi ni yake, na aweke namba ya leseni aliyokuwa nayo wakati huo. Karatasi ipelekwe shirika la umeme, mkaguzi aje apime, cheti kitoke. Cheti kikifika benki, mkopo unatoka siku hiyohiyo. Kisipofika kabla ya mwisho wa mwezi, faili linafungwa.

"Na kama wakati ule fundi hakuwa na leseni?" aliuliza Mama Pacha.

"Anaandika hana. Anatozwa faini, yanakwisha. Kwa fundi wa mtaani si jambo kubwa, mama."

"Kwa fundi wa mtaani," alirudia Mama Pacha. Kisha akajaribu upande mwingine. "Hatuwezi kumpata fundi mwenye leseni yake, akaikagua kazi akasaini yeye?"

Kijana aligeuza kurasa, akaweka kidole mahali. "Ingewezekana. Wapo wanaouza sahihi kama karanga. Lakini hapa mthamini kaandika kwamba mnunuzi mwenyewe alimtaja fundi. Ni shemeji yake, na jina lipo. Akisaini mwingine ni kughushi, na atakayekula hasara ni mimi."

Mama Pacha alimtazama mumewe. Mumewe aliitazama gundi.

Ilikuwa kweli. Siku mthamini alipokwenda kuikagua nyumba, Baba Pacha alimfuata chumba kwa chumba kama baba wa bibi harusi, akimwonyesha asichoulizwa. "Umeme huu kaufunga shemeji yangu, Cheche. Bonyeza swichi hiyo. Bonyeza tu! Unasikia mlio? Sisi mafundi tunajuana." Mdomo huponza kichwa, ndivyo tulivyoambiwa, ila siku ile mdomo wa mtu mmoja ulikuwa umeponza vichwa vya nyumba nzima. Na wala hakusema kwa ujinga. Alisema kwa kumpenda shemeji yake, na hilo ndilo lililomfanya Mama Pacha ashindwe hata kumgombeza walipokuwa wakishuka ngazi za benki.

*

Kwa Nesi, mlango ulikuwa wazi na mwenyewe alikuwa sebuleni, mguu mmoja kaunyoosha juu ya stuli. Alikuwa nesi mstaafu, mjane, na nyumba ile alikuwa anaiuza ili akaishi kwa binti yake. Nusu ya watoto wa mtaa ule walikuwa wamelia mikononi mwake, Cheche akiwa mmoja wao.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekuja na sura ya mtu anayetafuta kitu."

"Natafuta karatasi. Wakati Cheche anafunga umeme wa huku nyuma, hakukuachia chochote? Risiti, barua, hata kipande?"

Nesi alimtazama kama aliyeulizwa kama huwa anakula. "Karatasi ya nini? Mtoto alifanya kazi hapa wiki nzima, anakula mezani kwangu, anaoga kwangu. Nimemchoma sindano akiwa hajaota meno. Halafu amalize kazi nimwambie, haya, niandikie? Ningekuwa nimemtukana. Na wewe dada yake ungekuwa wa kwanza kununa."

Angenuna kweli, Mama Pacha alijua. Alikumbuka alivyokuja mwenyewe kuziona taa zile zikiwashwa, kazi ya kwanza ya mdogo wake bila kusimamiwa, na jinsi Nesi alivyopiga makofi. Kama siku ile mtu angedai karatasi, angemwona hana utu. Hata nyumba yenyewe waliipata kwa njia hiyohiyo. Cheche ndiye aliyeleta habari kwamba Nesi anauza, akasema, "Dada, nunueni ile, naijua mpaka ndani ya ukuta." Na Nesi akapunguza bei kwa sababu wanunuzi ni watu anaowajua. Mambo yote yalikuwa yamekwenda kwa kujuana, hadi yalipofika kwa mtu asiyemjua yeyote.

"Na kama tukimleta fundi mwingine," alisema Mama Pacha, "ang'oe nyaya zote za nyuma, afunge upya kwa jina lake?"

"Avunje kuta zangu kabla hamjanilipa? Halafu benki wakikataa, mniachie mahandaki?" Nesi alitikisa kichwa, bila ukali. "Hapana, mwanangu. Na nisikufiche, kuna watu wamekuja kuiona, mume na mke, wana fedha mkononi. Nimewaambia wasubiri mwezi uishe, maana nimewapa ninyi neno langu. Neno langu ni mpaka hapo."

"Na arubuni yetu?"

Nesi aliligonga goti lake lililofungwa bendeji. "Arubuni yenu ndiyo hii ninayotembelea. Daktari ameshachukua yote." Alicheka, kisha aibu ikamshika, akaanza kuinyoosha kanga mapajani. "Kubalianeni na mdogo wako tu. Sahihi moja itamuua?"

Alipokuwa anatoka, Nesi alimwita tena. "Tena mwambie seremala wako asije kwanza kupima pima. Wale watu wakimkuta na futi yake humu ndani haipendezi."

*

Nje ya vyumba walivyopanga, chini ya turubai, kilisimama kitanda cha ghorofa ambacho hakikuwa na pa kwenda. Baba Pacha alikitengeneza kwa vipimo vya chumba cha nyuma cha Nesi, kwa ajili ya wale pacha wao wa kike ambao hadi siku hiyo walikuwa wakilala godoro moja, miguu ya huyu kwenye uso wa yule. Mlango wa vyumba vya kupanga ulikuwa mwembamba, kitanda hakikuingia. Watoto walikuwa wanakipanda mchana na kuangalia mtaa kutoka juu kama mabibi wakubwa.

Siku ile Mama Pacha alimkuta mwanamke asiyemjua ndani kwake, anapima dirisha kwa kamba. Mwenye nyumba alikuwa amesimama mlangoni.

"Mpangaji mpya huyu," alisema mwenye nyumba. "Anapima mapazia tu, hatachelewa. Si mlisema mnahamia kwenu?"

Walisema. Walimwambia kila mtu. Furaha haina breki, na maskini akipata habari njema huiimba kabla haijakomaa.

"Pazia zangu zinafaa," Mama Pacha alimwambia yule mwanamke, kwa kukosa la kusema. "Nimezishona mwenyewe. Ukitaka nitakuuzia."

Jioni Baba Pacha alirudi, akanawa, akala. Watoto walipotoka kwenda kuchezea kitanda chao kule nje, alisema, "Nenda kwa mdogo wako."

"Unajua yuko kwenye majaribio."

"Najua."

"Hujui vizuri. Alipoajiriwa shirika la umeme alitia sahihi kwamba hajawahi kufanya kazi yoyote bila leseni. Wote hutia sahihi, na wote wameshafanya, lakini hakuna mwenye ushahidi. Tamko hili ndilo ushahidi wenyewe, na linakwenda ofisini kwake, Baba Pacha. Linawekwa mezani kwa bosi wake."

"Labda watamwonya tu."

"Mtu wa majaribio haonywi. Anaambiwa arudishe sare."

Baba Pacha alisukuma sahani. "Nani alimlipia chuo? Cherehani ile pale ndiyo iliyomlipia. Uliziba masikio miaka mingapi watu wakikwambia mtoto wa kiume akajitafutie?"

"Nilimlipia apate kazi. Sikumlipia aje aiuze kwa ajili yangu."

Ilikuwa kauli kali kuliko alivyokusudia, na alitegemea mumewe atapandisha hasira. Hakupandisha. Aliitazama mikono yake, akaongea kama anayeongea nayo.

"Mimi siombi kwa ubaya, mke wangu. Cheche ni kama mdogo wangu wa tumbo moja, Jumapili isiyo na drafti yake mimi siioni kama Jumapili. Ila nimechoka. Nimepiga randa milango ya mtaa huu karibu yote, na nimeitundika mwenyewe. Sijawahi kutundika mlango wangu." Akairudisha sahani mbele yake. "Nenda ukamuulize tu. Akikataa, basi, amekataa. Lakini aulizwe."

Mama Pacha alisema atakwenda. Alikuwa hana haki ya kumnyima mtu huyu hata kuuliza.

*

Cheche alikuwa anapiga pasi sare. Chumba chake kilikuwa na kitanda, redio na nyaya nyingi zilizoviringwa vizuri ukutani. Alikuwa ameshavuka umri wa kuitwa kijana, lakini jina la utotoni halikumtoka, na miaka yote ile ya kupanda dari za watu kwa malipo ya ahadi ilikuwa imemkausha. Tangu apate kazi ya shirika, mashavu yalikuwa yameanza kurudi.

"Dada, umekuja mikono mitupu," alisema. "Hata nyanya moja? Basi kuna msiba au kuna shida."

"Huwezi kutembelewa bure, we mtoto?"

"Naweza. Ila wewe huwezi kutembea bure."

Mama Pacha alicheka, akaketi. Akamwambia habari za watoto, kisha habari za cherehani iliyoanza kuruka mishono, kisha habari ya mteja aliyenenepa kati ya kupimwa na kushonewa. Cheche alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akachomoa pasi.

"Nesi alinipigia simu," alisema. "Leta hiyo karatasi."

"Sijakuomba kitu."

"Najua. Kama ungeniomba, labda ningekuwa na cha kukataa."

Mama Pacha aliitoa kwenye mkoba ile fomu ya tamko aliyopewa benki, ikiwa imekunjwa. Cheche aliinyoosha juu ya meza ya kupigia pasi, karibu na mkono wa shati lenye nembo. Alijaza jina. Akajaza mahali na mwaka. Alipofika kwenye leseni kalamu ilisimama.

"Nilifanya kwa kivuli cha mzee aliyenifundisha kazi," alisema. "Alikuwa na leseni, na alikuwa aje kuikagua aandike kwa jina lake. Akaugua, akafa. Mimi nikaona taa zinawaka, Nesi ameridhika, nani atauliza?" Akaandika: *Sina.* Kisha akatia sahihi, ile ya kujizungusha aliyoibuni shuleni akijiandaa kuwa mtu mkubwa.

"Watakufukuza, Cheche."

"Labda hawatasoma. Wana mafaili mpaka chooni." Hakuna kati yao aliyeamini hilo. "Lakini nyumba mtakuwa nayo. Mimi nikirudi mtaani, si nitakuwa na pa kulala? Kile chumba cha nyuma, karibu na soketi zangu mwenyewe." Akatabasamu ghafla. "Kweli shemeji alimbonyezesha mthamini swichi?"

"Zote."

"Yule mtu ananipenda sana, jamani." Alirudisha karatasi, akageuka kuchomeka pasi tena ili asionekane uso. "Ipeleke wewe. Mimi nikiipeleka nitaogopa njiani."

*

Ofisi za shirika la umeme zilikuwa na foleni iliyozunguka ukumbi na kuishia kwenye kidirisha cha karani, kando ya dirisha kubwa linalotazama uani. Watu walikuwa wanajipepea kwa bili zao. Mama Pacha alisimama na karatasi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani, anayeogopa asije akamwangusha.

Foleni ilipomsogeza dirishani, alimwona. Hakuwa amefikiri kwamba angemwona. Katika akili yake Cheche alikuwa kule chumbani anapiga pasi. Kumbe alikuwa pale uani, amevaa kofia ngumu, yeye na wenzake wamezunguka nguzo fupi ya kujifunzia. Msimamizi mmoja mnene alikuwa anavutavuta nyaya zilizofungwa juu yake, na dirisha lilikuwa wazi.

"Nani kafunga hapa?"

"Mimi, mzee," alisema Cheche.

Msimamizi alivuta tena kwa nguvu. Wenzake walianza kucheka, wakisubiri aaibike. Waya haukutikisika. "Haya, tazameni hapa," alisema msimamizi. "Hivi ndivyo nilivyosema jana. Huyu alisikiliza." Akampiga Cheche begani, akaenda zake.

Hapakuwa na zaidi ya hapo. Sifa yenyewe haikuwa kubwa; msimamizi pengine aliisahau kabla ya kufika kivulini. Lakini Cheche alibaki amesimama wima, haangalii mtu, shingo imenyooka. Mama Pacha aliijua shingo ile. Aliipima kila mwaka kwa kola ya shati la shule, na kila mwaka aliongeza kidogo ili shati lidumu. Hakuwa amewahi kuiona imesimama hivyo. Alijua mumewe yuko karakana anasubiri, na alijua watoto watalala wapi, na hakusogea foleni iliposogea, hadi mtu wa nyuma yake akamuuliza kama anahitaji maji.

"Mama, leta karatasi," alisema karani.

Mama Pacha alimtazama.

"Mama. Wewe. Karatasi."

"Samahani," alisema. "Nimekosea dirisha."

Alitoka na kutembea haraka hadi alipofika kwenye mtaro wa barabara. Pale aliichana karatasi. Aliichana jinsi anavyochana kitambaa kibovu, vipande virefu kwanza, kisha vifupi, mpaka sahihi ya Cheche haikuwa tena na kichwa wala mkia. Maji machafu yaliipokea. Alilia palepale, mchana kweupe, watu wakimpita, na hakujali.

*

Alikusudia kumwambia mumewe ukweli. Alijipanga njia nzima: nilikwenda, nikamwona, nikashindwa. Lakini alipofika karakana, Baba Pacha aliacha randa na kumjia na vumbi la mbao kwenye nyusi, macho yamejaa tumaini mpaka yanatia huruma. Akajua kwamba akimwambia ukweli, mtu huyu atakwenda kwa Cheche kesho, atapata tamko jingine, na Cheche atatia sahihi tena akicheka.

"Amekataa," alisema.

"Nani?"

"Cheche. Amekataa kusaini."

Baba Pacha alirudi nyuma, akaketi juu ya rundo la mbao. "Cheche? Cheche huyu wetu?"

"Ana kazi yake, Baba Pacha. Usimlaumu."

"Nilisema akikataa basi," alisema Baba Pacha. "Nilisema mwenyewe." Alikaa muda akiokota maranda moja moja mapajani mwake. "Sikujua kama atakataa. Ndiyo maana nilisema vile." Baadaye aliongeza, taratibu, "Asinikanyagie kwangu."

Kwa Cheche, Mama Pacha alipiga simu. Alimwambia benki wamelikataa tamko, wamesema limechelewa, faili lilishafungwa, karatasi haikufika ofisini kwao, asiwe na hofu. Alimwambia asije kwanza, maana shemeji yake amevunjika moyo na hataki kuona watu. Uongo wa kwanza ulikuwa umemtoa jasho. Huu wa pili ulitoka vizuri, na hilo lilimtisha.

*

Nyumba ya Nesi waliichukua wale wenye fedha mkononi. Mwenye nyumba naye hakuwa na la kufanya, mpangaji mpya alishalipa, na pazia akazinunua. Familia ikahamia vyumba vya nyuma ya mashine ya kusaga nafaka, mahali ambapo ukitaka kuomba chumvi ni lazima upige kelele. Mlango wa huko ulikuwa mwembamba kuliko ule wa kwanza. Baba Pacha alikisimamisha kitanda uani, akakizunguka, akapima, kisha akachukua msumeno na kukikata katikati yeye mwenyewe. Pacha walisimama pembeni wakiangalia. Hawakulia, wakamshikia mbao zisitikisike.

Drafti ilikaa juu ya kabati. Jina la Cheche halikutajwa. Mtoto mmoja aliwahi kuuliza mjomba haji kwa nini, baba yake akamwambia mjomba ana kazi kubwa sasa. Mama Pacha aliyasikia maneno yale akiwa kwenye cherehani, akaendelea kukanyaga.

Cheche alikuja Jumapili moja alasiri, hakuna aliyemtuma. Alikuwa amevaa sare ingawa hakuwa kazini, na mkononi alikuwa na mfuko wa sukari, unga na biskuti za watoto. Mashine ilikuwa imezimwa siku hiyo, kwa hiyo kila neno lilisikika.

"Hodi humu! Shemeji, umenitupa kabisa."

Baba Pacha aliinuka akaziba mlango kwa mwili wake. "Umefuata nini?"

Cheche alidhani ni utani. "Nimefuata kipigo cha drafti. Na nimekuja kuwapa pole ya nyumba, jamani. Najua nimechelewa, dada ali—"

"Pole?" Baba Pacha hakupandisha sauti. "Wewe ndiye wa kunipa mimi pole? Mstari mmoja wa wino, Cheche. Mmoja. Dada yako alikuja kwako kwa miguu yake, yeye aliyekulea, ukamrudisha mikono mitupu. Nisingekulaumu kama ungekuja mwenyewe ukaniambia, shemeji, nimeshindwa. Ulinyamaza. Nimewakatia watoto kitanda kwa msumeno, wewe umenyamaza."

Cheche alifungua mdomo. Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, ameshika sufuria ya chai kwa ncha za kanga. Hakumkonyeza wala hakutikisa kichwa, hakuwa hata na ujasiri huo. Aliangalia sakafu. Chai ilikuwa inamwunguza vidole na hakuitua.

Mdogo wake alimtazama, kwa muda mrefu. Alitazama uso wake, akatazama godoro ndani, akatazama tena sare yake mwenyewe kama anayeiona sasa hivi. Akafunga mdomo.

"Ni kweli, shemeji," alisema. "Niliogopa kazi."

"Sema tena."

"Niliogopa kazi. Dada aliniomba, nikakataa. Nisamehe."

Baba Pacha alishusha pumzi, na bega lake moja likaegemea mlango. Alionekana mzee. "Angalau leo umesema kweli," alisema. "Nakushukuru kwa hilo. Sasa nenda."

Cheche aliuweka mfuko kizingitini. Baba Pacha aliusogeza nje kwa mguu, polepole, asije akamwaga unga. Kisha akarudi ndani na kuketi akiupa mlango mgongo.

Mama Pacha alitua sufuria, akachukua ndoo ya maji machafu, akatoka kama anayekwenda kumwaga. Alimkuta kwenye kona ya ukuta, mfuko mkononi.

"Cheche."

"Usiseme kitu, dada."

"Nilikwenda mpaka dirishani. Nilikuona—"

"Nimeshajua." Alijifuta uso kwa mkono wa sare, ule wenye nembo. "Wamenithibitisha kazini. Nilikuja kuwaambia hilo tu."

Mama Pacha alitaka kupiga kigelegele, kile alichokiweka tangu siku alipomlipia ada ya kwanza. Aliangalia nyuma, mlangoni. Akasogea, akamshika mdogo wake mkono, akaufinya.

"Hongera," alimnong'oneza. "Hongera sana, mdogo wangu."

"Mama Pacha!" Sauti ya mumewe ilitoka ndani. "Uko na nani huko nje?"

Aliuachia mkono. Cheche aligeuka na kuanza kushika njia, mfuko ukimgonga paja, bila kuangalia nyuma.

"Hakuna mtu," alijibu, akamwaga maji.